Mafuta ya Kahawia ya Mama Mutiso

Mchungaji, wazee wa kanisa, jamaa na majirani, mimi Josiah Kivuva, karani mstaafu na kaka mkubwa wa marehemu, nimepewa heshima ya kuwasomea maisha ya dada yetu, Esta Mutindi Nzioka, aliyezaliwa Tulia, Wilaya ya Kitui, tarehe 9 Machi 1941, binti wa Mzee Kiema na Mama Syombua.

Alisoma papo hapo Tulia kuanzia 1949 hadi 1956, akajifunza ushonaji Kitui mjini, na tarehe 15 Desemba 1962 akafunga ndoa na Bwana Daniel Nzioka, ambaye mwaka 1965 alipata kazi katika kituo cha petroli Mtito Andei, wakahamia huko, naye marehemu akaweka cherehani barazani, ikitazama barabara ya Mombasa. Mungu aliwajalia watoto watatu, Mutiso, Kavata na Mbula.

Baada ya kumzaa Mbula, tarehe 2 Juni 1971, marehemu alitokwa na madoa meusi mashavuni, na wapo waliosema anajichubua, jambo ambalo hakulifanya kamwe. Alivaa kofia, akapaka mafuta meupe ya kujikinga na jua, madoa yakabaki, hadi Agosti 1993 alipoonwa na daktari wa ngozi, aliyemweleza kwamba mafuta yale yalizuia miale isiyoonekana, ile inayounguza, ilhali ngozi nyeusi hutiwa madoa pia na mwanga huu huu tunaouona, unaorudi kutoka kwenye lami hadi barazani, na kwamba mwanga huo huzuiwa na mafuta yenye rangi, yaliyochanganywa na oksaidi ya chuma, jamii moja na wekundu wa udongo wetu. Aliyapaka kila asubuhi, na kufikia Krismasi madoa yalikuwa yamefifia.

Kwa kuwa mafuta hayo ni ya kahawia na huacha alama kwenye kola, baraza la wazee liliyahesabu kuwa urembo, na tarehe 6 Februari 1994 likamsimamisha kushiriki Meza ya Bwana, nanyi mnajua kwamba aliyesimamishwa, akifa hivyo, hazikwi na kanisa. Mzee Mbuvi, mwenyekiti, alimsihi, "Mama Mutiso, si uyapake usiku, asubuhi unawe?" naye akajibu, "Mzee, na mwavuli nifungue usiku?" Baraza lilicheka, lakini uamuzi ukabaki, akakaa benchi la nyuma miaka mitatu na zaidi, hakukosa ibada, wala hakunawa.

Figo zilianza kumsumbua Machi 1997, akalazwa Makueni tarehe 29 Septemba, na Mzee Mbuvi, alipokwenda kumjulia hali, alimwuliza daktari mwenyewe, akaambiwa kwamba ile ni dawa, akalirudishia baraza habari hiyo. Jumapili, tarehe 12 Oktoba, alifika wodini na mkate na kikombe, akamkuta Mbula akimpaka mamaye, maana kitanda kilikuwa dirishani.

"Mzee, hata leo sinawi," marehemu akasema.

"Nani amekwambia unawe? Mbula, maliza hilo shavu lingine, nangoja."

Akangoja, kisha akampa mkate na kikombe. Dada yetu alifariki tarehe 17 Oktoba, saa kumi na moja alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mtito Andei, mafundi wenzake wa cherehani, na baraza la wazee, ambalo leo linamzika. Pumzika kwa amani, Mutindi, mshirika kamili.