Neno Moja la Glenys Ormerod

Ijumaa hii, tarehe 28 Machi 2014, saa kumi jioni, Glenys Ormerod atavua kipenga chake shingoni na kustaafu, baada ya miaka thelathini na saba na miezi mitano ya utumishi katika Bwawa la Kuogelea la Thornshaw. Hii ni rasimu yangu ya nne ya wasifu wake. Tatu za kwanza nimezichana, maana kila nikikaa kuandika nainuka, nachemsha maji ya chai, nasahau kuinywa, narudi dirishani. Mimi ni Hilary wa dirisha la tiketi, na mwezi huu mzima sijatulia hata kidogo. Maelezo yakirukaruka, mtanisamehe.

Glenys aliajiriwa Oktoba 1976 kusafisha vyumba vya kubadilishia nguo. Mwaka uliofuata alifuzu uokoaji, na tangu hapo ukingo wa bwawa umekuwa wake. Amewatoa majini watoto kumi na mmoja kabla mambo hayajaharibika, na kasisi mmoja ambaye mpaka leo anadai alikuwa anapiga mbizi tu. Kile kiti kirefu cha mwokoaji hajawahi kukikalia. Husema mtu aliyekaa huona nusu ya maji. Basi alitembea, mzunguko baada ya mzunguko, na kandambili alizopewa kazini zilikwisha soli kabla ya wakati kila mwaka.

Mji mzima unamjua kwa neno moja: "behave". Hakuna aliyejifunza kuogelea hapa ambaye hakulisikia likigonga vigae vya kuta zetu. Kwenye kamusi ya Kiingereza ni neno la kawaida tu, la mtu na mwenendo wake, lakini lina vituko. Likiachwa peke yake ni amri ya kuwa na adabu, wala halihitaji kuongezewa "vizuri". Anayetaka kusema mwenendo ni mbaya ndiye anayelazimika kuongeza "vibaya". Watoto wakikimbia ukingoni, Glenys alilitoa mara moja na mbio zikageuka mwendo wa maharusi. Alilitumia pia kwa boila letu kongwe. Asubuhi maji yakiwa na moto wa kutosha, alitutangazia kwamba boila leo limejiheshimu, kana kwamba nalo lilikuwa na mama wa kulifunza.

Halafu kulikuwa na wazee wa Jumanne. Mzee Seth Entwistle, mwenye miaka themanini na mmoja, humchumbia Glenys kila wiki kutoka upande wa kina kifupi.

"Glenys, mpenzi, nilete posa lini?"

"Behave, wewe mzee! Meno yenyewe umeyaacha kwenye kabati."

Hapo neno lina maana ya kwamba nakupenda pia, ila usizidi. Maana iliyobaki ndiyo iliyotuletea balaa. Kwetu Lancashire, huku kaskazini, mtu akikwambia jambo lisiloingia akilini unamjibu kwa neno hilohilo, yaani acha masihara, hebu toka hapa. Mwambie mtu wa Thornshaw kwamba mvua haitanyesha wiki nzima, utalisikia. Hakuna anayekasirika.

Februari tulipata meneja mpya, Bwana Piers Lanyon, kutoka Guildford kule kusini. Ni kijana nadhifu, mwenye jedwali kwa kila kitu. Jumanne ya tarehe 4 Machi alitukuta kwenye chumba cha chai akasema, "Kuanzia mwezi ujao, kipindi cha shule kitakuwa na mwokoaji mmoja badala ya wawili. Mmoja anatosha."

Kipindi cha shule ni watoto sitini, na upande mmoja wa bwawa una kina cha kumfunika mtu mzima mara mbili.

"Behave!" akasema Glenys.

Tuliangua kicheko sote. Bwana Lanyon akaiva uso mpaka masikio. Huko kwao neno hilo huambiwa mtoto, au mbwa.

"Umesemaje?"

"Umenisikia, kipenzi."

Alasiri hiyohiyo Glenys akasimamishwa kazi kwa kumvunjia heshima mkubwa wake. Kesho yake kila aliyekuwepo alipewa fomu yenye swali moja: je, mfanyakazi alimtamkia meneja neno hili, ndiyo au hapana? Nikaweka alama kwenye ndiyo. Ilikuwa kweli, na karatasi haikuwa na nafasi hata ya mstari mmoja wa kueleza. Nilipoikabidhi nikaona nimemfunga mwenzangu kamba kwa mkono wangu.

Kikao cha nidhamu kilipangwa tarehe 20, siku nane kabla ya kustaafu kwake. Akitiwa hatiani na kufukuzwa, hakuna sherehe, hakuna barua ya shukrani kutoka halmashauri, na mwanamke ambaye hakuwahi kuchelewa hata siku ya theluji angeondoka kama mwizi. Nilikwenda kumwona. Alikuwa amepaka uzio rangi nyeupe, hakuipenda, akaupaka kijani. Chai alinimiminia akiwa wima.

"Kaa basi, Hilary, unanizungusha kichwa."

"Mbona wewe hujakaa?"

"Mimi nikikaa nafikiri."

Siku ya kikao chama cha wafanyakazi kilikuja na utetezi mzuri sana: neno ni la utani, Bwana Lanyon ni mgeni, hakuelewa. Mzee Entwistle alikuja na tai yake ya harusini kutoa ushahidi. Mwenyekiti, Bi. Rosalind Tate kutoka makao makuu, alivua miwani.

"Ngoja nielewe. Neno hili ni 'kuwa na adabu', na papo hapo ni 'unanitania'?"

"Na 'nakupenda', mama," akajibu Mzee Entwistle. "Mimi mwenyewe nimeambiwa mwaka wa tisa huu."

Hata karani alicheka. Mimi nilianza kupumua. Kilichobaki ni Glenys kuitikia tu, na Bi. Tate alimfungulia mlango wazi.

"Bi. Ormerod, siku ile ulikuwa unatania, sivyo?"

Glenys akasimama.

"Hapana. Wenzangu walidhani natania wakacheka, na mimi sikuwasahihisha. Nilimwambia vilevile ninavyowaambia watoto. Mtu anayetaka kuwaachia watoto sitini macho ya mtu mmoja amekosa adabu, na umeneja haumwondolei kosa hilo. Ningelisema tena."

Nilitamani kumkanyaga mguu. Mwakilishi wa chama alijishika kichwa. Bi. Tate aliandika kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Bwana Lanyon.

"Sitini? Na mwokoaji mmoja?"

"Kwenye jedwali ilionekana..." akaanza Bwana Lanyon.

Jumatatu zikaja barua mbili. Ya kwanza ilimpa Glenys onyo la maandishi kwa jinsi alivyomsemesha meneja, la kwanza katika utumishi wake wote, ikasema atastaafu kwa heshima zake kamili. Ya pili ilifuta mpango wa mwokoaji mmoja. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Bwana Lanyon alikuja mwenyewe kuibandika ubaoni, kisha akamwomba Glenys amtembeze ukingoni. Walizunguka saa nzima. Alirudi ofisini hoi, viatu vimelowa, na lile jedwali sijaliona tena.

Nilimuuliza Glenys kama niliache lile onyo, maana wasifu wa mstaafu si mahali pa kuanika barua kama hizo.

"Liandike," akasema, "tena liandike vizuri."

Nimeliandika. Na kosa langu nitaliandika pia, kwa sababu ndilo lililonifanya nichane rasimu tatu. Wiki zile zote nilihangaika usiku na mchana kutafuta namna ya kumwokoa Glenys. Nilipanga maana za neno lile, nikamsaka Mzee Entwistle, nikamwombea kwa kila mtu. Wale watoto sitini hawakunijia akilini hata mara moja. Nilikuwa tayari tushinde kwa kicheko, turudi kazini, na mwezi ujao mwokoaji mmoja asimame pale peke yake. Naona haya, na ni vyema mjue mnamuaga mtu wa namna gani, na anatuacha akina nani.

Glenys, kwa niaba ya wenzako wote, wa majini na wa nchi kavu, tunakushukuru. Tunakutakia uzee wenye afya, miguu isiyouma, uzio wa rangi utakayoipenda, na jibu lolote utakaloamua kumpa Mzee Entwistle.

Jana asubuhi shule ilikuja. Wewe ulikuwa upande mmoja wa bwawa, mwenzako upande wa pili. Watoto walipotoka, nywele zinachuruzika, wakisukumana kwenye mlango wangu, niliacha kukata tiketi nikawahesabu mmoja mmoja, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu niajiriwe. Walikuwa sitini. Nenda kapumzike, Glenys. Huku tutaangalia.