Ukurasa wa Kupanda Rubavu

Benchi letu liko kwenye kona moja ya mtaa wa Nengo, limeegemea ukuta wa duka, na mimi nimelikalia miaka minane nikiutazama mlima Rubavu uso kwa uso. Naitwa Bizumuremyi, lakini hapa wananiita Mubongo, kwa sababu nilikulia Karagwe, Tanzania, na Kiswahili changu kinawachekesha. Siku hiyo nilikuwa na karatasi gotini na jasho usoni. Mama Béata, mwenye nyumba ya wageni, anatoa kitabu kidogo cha kuwaongoza wageni wanaopenda kupanda milima, na ukurasa wa Rubavu alinipa mimi niuandike. Akiupenda, nakuwa mwongozaji wake wa wageni kila wiki, nami nina miezi mitano sina kazi. Angekuja kuuchukua saa kumi. Ilikuwa saa tisa, na karatasi ilikuwa na neno moja tu, “Rubavu”. Basi nikaomba msaada kijiweni. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na mengine hayakuchelewa.

Aliyeanza ni Wellars, dereva wa moto, yaani pikipiki ya abiria. Tunamwita Jipiesi kwa kuwa hajawahi kukubali kwamba amepotea.

— Andika saa kwanza. Dakika kumi na mbili.

— Mpaka juu?

— Mpaka pale moto inagoma. Kisha mutu anamalizia.

— Anamalizia kwa muda gani?

— Ile haiko kazi ya moto, sha. Haraka haraka haina baraka. Andika kumi na mbili.

Nikaandika. Mukantwari akaweka kikombe chini. Huyu ndiye Douane, yaani Forodha: kila asubuhi anavuka mpaka kwenda Goma na nyanya, jioni anarudi na vitenge.

— We Mubongo, unaandika kama mutu hajasafiri. Mizigo njo mambo. Mugeni asipande na mufuko moja kubwa. Bagawanye: maji kwa huyu, mukate kwa yule, viatu kwa mutu wa tatu.

— Viatu si atavaa?

— Avae pea moja, ya pili abebe mwenzake. Hata wakimusimamisha, hana kitu.

— Nani atamsimamisha mlimani, dada?

— Mutu haulizake nani. Haba na haba hujaza kibaba.

Nikaandika na hilo. Hapo mzee Gatete, aliyestaafu ubwana shamba na bado tunamwita Agronome, akakohoa kikohozi chake cha mikutano.

— Na mazuku? Ile hewa mubaya inatoka mu udongo, inaua mbuzi?

— Mzee, mazuku inalala chini, mabondeni. Huku ni juu.

— Bon. Inalala. Mutu akilala, si anaamukaka? Asubuhi na yeye anapanda. Andika: mugeni atembee wima, asiiname, asikae.

— Akichoka?

— Achoke wima. Na abebe kuku. Kuku akianguka, mugeni arudi.

— Kuku abebwe na mutu wa ine, akadakia Douane.

Nikaandika kuku. Mungu anisamehe, niliandika kwa mwandiko mzuri kabisa. Tena ili nisionekane ninakula akili za watu bure, nikaongeza yangu: mgeni asiongee siri akiwa juu, kwa sababu upepo utazileta zote mjini.

Ikabaki njia yenyewe, inaanzia wapi. Jipiesi akasema kushoto. Douane akasema kulia. Mzee Gatete akasema Wanyarwanda wenye heshima hawagombani, wanafanya kikao. Tukapiga kura. Kushoto ikashinda, tatu kwa moja, nikaiandika, na Douane akanuna.

Saa kumi kamili Mama Béata akafika na Alliance, mpwa wake kutoka Kigali, aliyekuja kumchapia kitabu kwenye kompyuta. Mama Béata akasoma polepole. Kwenye kuku alisimama, akarudi nyuma, akasoma tena. Alliance alisomea begani kwake, kisha akauliza bila ubaya wowote:

— Na ukifika kule juu, unaonaka nini?

— Goma! akasema Jipiesi.

— Goma naiona hata hapa. Mi nauliza kule juu.

Douane akachungulia kikombe chake kitupu. Mzee Gatete akavua kofia, akaivaa.

— Milima haikutani, binadamu hukutana. Donc...

Akaitafuta “kwa hiyo” ya donc yake, hakuipata. Alliance akanigeukia mimi.

— Papa, si we njo uliandika?

Yewe! Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Miaka minane nimeutolea mlima ule mate na maneno.

— Sijui, binti yangu. Sijawahi kupanda.

— Hata mara moja?

— Hata nusu.

Mama Béata hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliikunja karatasi, akanirudishia.

— Kitabu kinaenda kuchapwa kwa imprimeri kesho saa ine, Bizumuremyi. Kama ukurasa iko bado hii, nitaweka picha ya ziwa.

Wakaondoka. Nami nikasimama.

— Unaenda wapi? Kahawa iko bado!

— Juu.

— Na hizo kandambili? Reka, acha!

— Kushoto! Tulipiga kura!

— Gawanya mizigo!

— Usiiname, Mubongo!

Mzigo wangu ulikuwa kalamu. Nikakata kushoto, kwa heshima ya kura, nikatokea uani kwa watu, mama mmoja anaanika shuka na mbwa wake hanipendi. Nikarudi mbio. Nikakata kulia, nikapanda kidogo, pumzi ikaniishia, nikashika kiuno. Mama mwingine alikuwa anashuka na kapu la viazi kichwani.

— Samahani mama, njia ya kwenda juu ya mlima ni ipi?

— Njo hii umesimama, papa.

Nilifurahi, sijui niseme vipi. Nikafungua karatasi, nikafuta kura yetu, nikaandika kulia.

— Na bado mbali?

Akageuza macho kule nilikotoka. Benchi lilikuwa pale pale chini, hatua mia hivi, na Jipiesi alikuwa ananipungia kikombe.

— Hauyaanza bado kupanda, akasema, akanipisha nipite.