Kitambaa Chekundu cha Mama Gélase

Mwavita alikuwa anakwenda ziwani kununua ndagala, wale samaki wadogo, wala hakukusudia kusikiliza mambo ya watu. Lakini mzee na mkewe waliokaa mbele yake kwenye basi la kutoka mtaa wa Jabe hawakuwa wakinong'ona.

"We ulikubali bila kuniuliza," alisema mke, kitambaa chekundu kikiwa mapajani.

"Mama Gélase, tunasaidia ile klabu ya ski bure tangu muji ungali unaitwa Usumbura. Mi nafunga kamba kwa boti, we unachunga kama viboko wanatokea, unapeperusha hicho kitambaa boti igeuke. Watoto wa watu wanateleza juu ya maji, siye tunaangalia tu. Leo wanataka kutushukuru. Wanasema na wewe uteleze."

"Na kiboko akitokea, nani atapeperusha kitambaa?"

"Mi."

Mama Gélase alicheka mpaka dereva akageuka. "We? Ile siku kiboko alitokea karibu na bibi ya daktari, ulikuwa umelala ndani ya boti, kofia kwa uso."

"Nilikuwa napumuzika."

"Ulikuwa unakoroma, Baba Gélase. Kiboko mwenyewe alikusikia."

Mwavita akageukia dirishani kuficha kicheko, ingawa nje hapakuwa na cha kutazama.

"Basi tutawaambia apana," mzee akanuna, akishusha kofia yake usoni.

Basi likasimama ufukweni. Mama Gélase aliinuka kukaza kikwembe alichojifunga, na chini yake Mwavita akaona nguo ya kuogelea, mpya kabisa. Mama akamwekea mumewe kitambaa mkononi.

"Shika. Na ile kofia, lete hapa."