Mama Kipimo na Udongo Mwembamba wa Msitu

Bwana asifiwe, ndugu waombolezaji. Kabla sijasoma wasifu wake, nitubu mbele ya Mungu na mbele ya jeneza hili: mimi mdogo wake ndiye niliyefyeka na kuchoma sehemu yangu ya msitu wa baba, naye akinisihi nisifanye hivyo.

Dada yetu, mliyemwita Mama Kipimo, alizaliwa tarehe 12 Machi 1952, mtoto wa kwanza wa mfuga nyuki, akasoma shule ya msingi ya misheni hadi 1966, na tarehe 3 Mei 1971 akaajiriwa kwenye kitalu cha miche, ambako kila asubuhi alipima mvua iliyonyesha jana yake, hadi alipostaafu mwaka 2007, na kwa kuwa joto la kwetu halina likizo na mvua hunyesha karibu kila alasiri, mtu akimuuliza kama aanike nguo, alijibu, kwani jana hukuwepo?

Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1975 na dereva wa lori la kitalu, aliyetutoka mwaka 2010, wakajaliwa watoto watatu, fundi pikipiki, mwenye duka na mwalimu, wote wapo hapa.

Mwaka 1988 niliitazama ile miti mirefu, imesongamana hadi jua halifiki chini, nikasema udongo unaobeba miti hii hauwezi kuninyima mahindi, naye akachimbua kwa kisigino, akanionyesha weusi usiozidi kina cha kidole, chini yake wekundu mtupu, akasema miti hii inakula majani yake yenyewe yanayooza, ndiyo maana mizizi inatambaa juu juu, ukiikata umeondoa na chakula. Nikamjibu kwamba kusoma chupa ya mvua si kulima. Mwaka wa kwanza majivu yalinipa mahindi marefu, nikamtania mbele ya kwaya nzima, mwaka wa tatu mvua ilikuwa imeosha yote, jembe likawa linagonga kama kwenye sakafu. Hakunicheka, alikuja na magunia ya majani yaliyooza kutoka upande wake, akasema, huu ni uji wa mgonjwa, mdogo wangu, si dawa.

Alianza kuugua moyo Februari 2021, akalazwa Oktoba, na akiwa kitandani akasikia kwamba wanawe wawili wakubwa wamepatana kumuuzia mfanyabiashara wa mbao msitu wake, mwalimu peke yake amekataa, basi kila aliyeingia wodini alimuuliza, wameshakata? Tarehe 14 Novemba aliaga dunia, hajajibiwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotufungia turubai, na wenzake wa kitalu. Dada, kazi umeimaliza, Mungu akupe pumziko lisilo na hofu.

Wapwa zangu, misumeno imeshushwa tangu jana ukingoni mwa msitu, na mfanyabiashara mwenyewe amekaa hapo nyuma, sina ugomvi naye. Mliniuliza nina haki gani ya kusema, na kweli sina. Naomba tu, kabla hatujamteremsha mama yenu, mmoja wenu ainuke akamwambie apakie vyombo vyake aende.