Ardis Tollefsrud na Barua Thelathini na Nane

Mchungaji, ndugu, jamaa na majirani mliotoka kwenye theluji hii kuja kutusindikiza, mimi ni Verlyn Bakke, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, jambo ambalo najua baadhi yenu limewashangaza, wala siwalaumu.

Dada yetu Ardis Marie Tollefsrud alizaliwa tarehe 9 Februari 1948 kwenye shamba la baba yetu, maili sita kaskazini mwa Haugen Lake, hapa Minnesota, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa marehemu Selmer na Inga Bakke, akabatizwa katika kanisa hili tarehe 14 Machi mwaka huohuo. Alimaliza sekondari hapa mjini Mei 1966, akaenda Fargo kusomea uhasibu, akarudi mwaka 1968. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kutaka kuona kwanza, mama akisema mkate umeiva, yeye hufungua oveni.

Tarehe 20 Juni 1970 alifunga ndoa na Marlin Tollefsrud, dereva wa lori la maziwa, aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa watoto wawili, Karla mwaka 1972 na Dean mwaka 1975, na wajukuu watano.

Alifanya kazi kwenye duka la mbegu hadi tarehe 3 Agosti 1987, alipoajiriwa na Mfuko wa Hospitali ya Haugen Lake, akapewa kazi ya kuandika barua wanazopewa wachangiaji ili wapunguziwe kodi, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka ishirini na sita, akimshuku kila mtu sawasawa, tajiri na maskini, mchungaji na mlevi.

Jumamosi ya tarehe 11 Februari 2006, kamati yetu ya mashindano ya kuvua samaki kwenye barafu, ambayo mwenyekiti wake nilikuwa mimi, iliandaa chakula cha samaki na bahati nasibu kwenye ukumbi wa zimamoto kuusaidia Mfuko huo, na muuza magari Roger Dahlquist akapanda jukwaani akawaahidi watu kwamba kila dola waliyotoa usiku ule wataikata kwenye kodi. Ardis alisimama na sahani yake mkononi, akasema hapana, tiketi ya bahati nasibu si mchango, samaki uliyemla huwezi kusema umemtoa, na cheki mmeziandikia kamati, ambayo si shirika la hisani, kwa hiyo Mfuko hauwezi kuwaandikia barua hata kama kamati itaupelekea zote.

Nilimwambia mbele ya watu, "Dada, keti, unaniaibisha."

Akajibu, "Nitaketi, Verlyn. Lakini barua siandiki."

Kuanzia hapo mji ulimtazama kwa jicho baya, wakasema ana roho ya korosho, wengine wakanong'ona kwamba mtu anayeogopa karatasi kiasi kile lazima ana lake analificha, nami niliyasikia nikanyamaza. Machi ya mwaka 2007 ilipofika watu walinipigia simu kila siku wakidai barua zao kabla ya siku ya mwisho ya kupeleka hesabu za kodi, Roger hapokei simu, na aibu ikanishinda, nikachukua barua aliyoniandikia Ardis mwaka uliotangulia, nilipoutolea Mfuko mchango wa kumkumbuka mama, nikaziba jina langu na kiasi nilichotoa, nikaitoa nakala kwenye mashine ya ofisi ya ushirika wa wakulima, barua thelathini na nane, kila moja nikaijaza jina la mtu na bei nzima ya tiketi, pamoja na ya samaki aliyemla, na chini yake sahihi ya dada yangu.

Miezi michache baadaye watu wa kodi waliuliza kuhusu barua hizo, waliozipokea wakalipa kodi pamoja na faini, na Ardis akasimamishwa kazi kuanzia tarehe 5 Novemba 2007 hadi tarehe 18 Januari 2008, alipoonekana hana hatia, lakini mjini iliendelea kusemwa kwamba aliziandika kisha akazikana. Roger alikuwa ameshahamia Arizona. Mimi nami, badala ya kujishuku, nilimshuku dada kwamba ndiye aliyepeleka habari kwa watu wa kodi, na kwa miaka kumi na tano kila Siku ya Shukrani niliketi mezani kwake, nikila bata mzinga wake, nikilipima kila neno lake, hata akiniuliza kama nataka mchuzi zaidi.

Alistaafu mwaka 2013. Tarehe 2 Mei 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na mwezi wa Oktoba, tukiwa tumebaki peke yetu wodini, nilimuuliza kama alijua ni nani aliyezitoa barua zile.

"Tangu siku ya kwanza," akasema. "Kwenye nakala zote kulikuwa na doa la kahawa uliyoimwagia barua yako wewe mwenyewe ofisini kwangu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Waliniuliza kama nimezitoa mimi, nikasema hapana. Kukutaja wewe ilikuwa kazi yako."

Alifariki nyumbani kwake tarehe 4 Januari 2024, saa tatu asubuhi, akiwa amebakiza wiki tano kutimiza miaka sabini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomwondolea theluji mlangoni bila kuombwa, akina mama wa kanisa waliopika, na wenzake wa Mfuko, ambao jana niliwapelekea barua yenye jina langu na sahihi yangu, nikieleza haya niliyowasomea, na nakala wanayo watu wa kodi. Mliopata barua zile mnisamehe, na asiyeweza kunisamehe anifuate ukumbini chini baada ya mazishi, sitaondoka mpaka wa mwisho aseme lake.

Wengine wenu mlimshuku mpaka asubuhi hii. Hakuandika hata moja.

Lala kwa amani, dada Ardis. Zilikuwa zangu.