Tarehe ya Mama Eufrazia ya Kupasuliwa

Siku majibu ya vipimo yaliposomwa, tarehe 30 Julai 1996, walikuwepo daktari, marehemu Mama Eufrazia Kasiani mwenyewe, mumewe Mzee Severini, mwanawe Abel, na mkwewe Ester, anayewasomea historia hii hapa msibani, ambaye kwa ujauzito wake muuguzi alimpisha kiti.

Marehemu alizaliwa Mgeta tarehe 4 Machi 1941, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kisha akashika jembe kwenye matuta ya mlimani, na biashara ilipoachiwa huru, malori ya watu binafsi yakaanza kupanda kufuata kabichi, yeye ndiye aliyewafundisha wenzake kupanga matenga mboga zisipondeke. Alifunga ndoa tarehe 10 Juni 1961, wakamngoja Abel miaka saba, naye akabaki mtoto wao wa pekee.

Mwaka jana alianza kupata kizunguzungu na choo cheusi kama lami, tukasema ni vidonda vya tumbo, akanywa dawa za dukani, mpaka alipopelekwa Dar es Salaam, akapitishiwa kooni mpira wenye taa, ukaonekana uvimbe wa mafuta katika ukuta wa tumbo, wa aina isiyoonekana mara nyingi. Daktari alisema si saratani, ila umeanza kuvuja damu na lazima utolewe, akampangia tarehe 20 Agosti. Sisi tulishika lile la si saratani, tukarudi nyumbani tukachinja kuku.

Tarehe 17 Agosti Ester alijifungua binti, na kwa kuwa mama mzazi wa Ester alishatangulia mbele ya haki, marehemu alikataa kusafiri kabla ya siku arobaini za uzazi kwisha. Ester alipomsihi aende, alijibu, "Uvimbe hauna miguu ya kunikimbia, mwanangu, lete huyo mtoto nimwogeshe." Ester akacheka, akampa mtoto.

Jumatatu, tarehe 16 Septemba, alianguka jikoni akiinjika maji ya mtoto, akatapika damu. Vijana walimteremsha kwa machela hadi barabarani, dereva Stambuli akashusha matenga yote ya kabichi ili apate pa kulala, lakini damu ilikuwa imemwishia, akafariki hospitalini Morogoro saa kumi jioni.

Tunamshukuru daktari aliyemchorea uvimbe ule juu ya bahasha ili auelewe, muuguzi Asha aliyemfunika kwa kitenge chake mwenyewe, Stambuli, wakulima wenzake, na jirani yetu Bi Mwaisha, aliyekaa barabarani kutwa nzima akiyafunika matenga yale kwa majani ya mgomba, isipotee hata kabichi moja.

Pumzika kwa amani, Mama, mtoto amelala.

Leo asubuhi maji ya kumwogesha mtoto aliyachemsha Mzee Severini.