Balachaung ya Daw Mya Thwin

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto jikoni, msogee karibu. Leo tunamkumbuka Daw Mya Thwin wa mtaa wa Thaketa, mama yake mwalimu Zeya Lin. Moyo ulimsimama sokoni. Ameondoka bila kumwona tena mwanawe.

Zeya Lin yuko gerezani. Kosa lake ni kwamba wanajeshi walipotwaa nchi, alikataa kurudi kufundisha. Kumtembelea marufuku. Getini wanapokea chakula tu. Kopo likirudi tupu, mtu wako yu hai. Narudia, wasikilizaji: kopo tupu, mtu yu hai. Hatuna habari nyingine.

Daw Mya Thwin alikuwa anapeleka balachaung, uduvi wa kukaanga na pilipili. Na huyu mama, apumzike, alikuwa anaunguza vitunguu saumu. Kila mara. Mimi nimekula, najua ninachosema.

Jirani yake, Ma Ohn, alikuwa akimtania: "Dada, mtoto ameshafungwa. Unamwongezea adhabu ya nini?"

"Akisikia huo uchungu anajua mama yupo. Nipe mwiko, acha maneno."

Alikuwa amemwambia binti yake, Phyu Sin: "Nikifa, kaka yako asijue. Humo ndani msiba utammaliza."

Basi baada ya mazishi Phyu Sin akapika yeye. Tatizo, Phyu Sin anajua kupika. Vitunguu vikatoka rangi ya dhahabu, vitamu. Akapeleka.

Kopo likarudi limejaa.

Wanawake getini wakamsogelea kumshika. Askari akasema, "Mzima huyo. Kaonja kidogo, kafunika."

Phyu Sin ameniambia, "Nilikaa chini palepale, anko. Nikajua ameshajua."

Ma Ohn akamshauri, "Basi safari ijayo unguza."

"Hapana, shangazi. Nimemdanganya mara moja, kanikamata. Mara ya pili siwezi."

Akapika vilevile, kwa mkono wake mwenyewe. Safari hii kopo lilirudi tupu, limeoshwa.

Phyu Sin, pole sana. Na wewe mwalimu, ambaye redio hii haikufikii, pole. Tumechoka, najua. Hata hizi pole zimechoka. Lakini wasikilizaji wapendwa, leo mkikaa kula, mkumbukeni mmoja aliyeko ndani, na yule anayempikia. Kisha mpite kwake, muone kama bado ana mafuta ya kukaangia.